Mrejesho: lile ua langu linalosimamisha majani usiku

Wadau, niliulizia maranta yangu ya ndani, giza likiingia majani yote yanasimama wima, asubuhi yanalala bapa tena, nikataka kujua ni kiu au ugonjwa. Haya, mrejesho ndo huu.

Siyo kiu wala ugonjwa. Yule aliyesema niangalie pale jani linapoungana na kikonyo chake ubarikiwe sana, pana kisehemu kimevimba kidogo, na kazi yote inafanyika hapo: potasiamu inahama kutoka seli za upande mmoja kwenda upande wa pili, maji yanaifuata, huku kunajaa kule kunanywea, basi jani linainuka. Asubuhi mchezo unageuka.

Sasa kuna aliyebisha eti ni mwanga tu unaamua. Nikaifungia kabatini jioni, kesho yake mchana nachungulia, majani yako bapa kabisa humo humo gizani! Kumbe Mfaransa mmoja, de Mairan, alishaliona hilo 1729 kwa mmea wa jamii ya kifauongo. Mmea una saa yake ya ndani, inazunguka kama masaa 24 hivi, mwanga unairekebisha tu isipotee.

Faida yake ndo wataalamu bado wanavutana, Darwin alisema ni kujikinga na baridi ya usiku, wengine wanasema ni mambo ya wadudu, mi naegemea wadudu ila msininukuu.

Na mlionishauri niongeze maji, hapana jamani, udongo bado mbichi.