Kituo cha kuangalia bahari: macho ya mtu yanaona nini ambacho rada haioni?

MgeniWaZamu
Wakuu habari zenu. Nimejiandikisha kwenye kituo cha kuangalia bahari, vile vinavyoendeshwa na watu wa kujitolea, wiki ijayo naanza mafunzo. Sasa nilipomweleza ndugu yangu akaniuliza, kuna rada kuna setilaiti, meli zote unaziona kwenye simu, nyie mnakaa na darubini masaa manne mnatafuta nini? Nikakosa jibu kwa kweli. Waliowahi kukaa zamu naomba mnisaidie. Na pia naogopa kitu kisije kikanipita huku nakitazama.

DarubiniKuukuu
Karibu sana. Mwambie nduguyo hizo meli anaziona kwa sababu zinajitangaza zenyewe, zina mtambo wa AIS unaotuma jina la meli na mahali ilipo. Sheria ya kimataifa inazibana meli za abiria na zile za ukubwa wa tani 300 kwenda juu zinazosafiri nchi hadi nchi. Sasa kayaki, kale kamtumbwi kembamba ka kupiga kasia, inayo? Mtu anayeogelea je, au mtoto kwenye boya la kupuliza, upepo unamsukuma kwenda nje? Na rada nayo, kachombo ka mbao katikati ya mawimbi inakapoteza kirahisi tu. Hao ndo watu wetu.

Uingereza mwaka 1994 wavuvi wawili walikufa maji pale Bass Point, Cornwall, chini ya kituo cha walinzi wa pwani ambacho kilikuwa kimefungwa si muda mrefu. Wenyeji wakakifungua tena kwa kujitolea, ndo ikaanza National Coastwatch Institution na leo wana vituo zaidi ya 50.

ZamuYaAlfajiri
Mgeni, hiyo hofu yako ni nzuri usiipoteze. Kinachokuokoa ni daftari. Kila kinachopita andika, rangi, watu wangapi, kinaelekea wapi, na muda wa masaa 24, yaani andika 1010 usiandike saa nne na kumi maana wa redioni akisikia saa nne atakuuliza nne ipi. Siku moja niliandika kayaki mbili, watu wawili, makoti ya machungwa, wanazunguka rasi. Baadaye nikaona koti moja linarudi, anapiga kasia vizuri tu hana haraka, mtu mwingine angemwacha apite, mimi nikarudi kwenye daftari nikaona WAWILI. Nikawapigia walinzi wa pwani hapohapo, boti ya uokoaji ikamkuta mwenzie nyuma ya rasi ameng'ang'ania kayaki imepinduka, hana hata nguvu ya kuita. Yule wa mbele alidhani anafuatwa.

Halafu ule msemo wa mfa maji haachi kutapatapa ukiwa zamu usiutegemee. Anayezama mara nyingi yuko kimya, kasimama wima majini, mdomo unazama unatokea, mikono inasukuma maji hawezi hata kuipunga. Ukiwa mbali utadhani anacheza.

Mkondo16
Naongezea kidogo. Redio iwe chaneli 16 muda wote, ndo ya wito wa hatari baharini, ukisikia "Mayday" mara tatu, yaani kuna watu wako hatarini, acha kila kitu shika kalamu. Upeo nao unategemea umekaa juu kiasi gani, jicho likiwa mita 10 juu ya maji unaona uso wa bahari mpaka kama kilomita 12, ukiwa mita 30 zinafika kama 20, ndo maana vituo vinawekwa juu ya majabali. Darubini ya 7x50, yaani inakuza mara saba na lenzi ya mbele ni milimita 50, inatosha, ukichukua inayokuza sana mkono ukitikisika kidogo tu bahari yote inaruka. Na usishuke majini wewe, kazi yetu ni kuona, kuandika na kuita wenye boti.

MgeniWaZamu
Asanteni sana jamani, dada wa alfajiri hiyo ya makoti nimeisoma mara mbili. Swali la mwisho, mtu akiwa kwenye boti akanipungia nitajuaje kama ni salamu tu?

ZamuYaAlfajiri
Salamu ni mkono mmoja, haraka haraka. Ukiona mikono yote miwili imenyooshwa pembeni, inapanda na kushuka taratibu, tena na tena, hiyo ni ishara ya hatari ya kimataifa. Soma dira yuko nyuzi ngapi kutoka ulipo, piga simu, na macho usiyatoe kwake mpaka boti imfikie.