Naomba ushauri: uchawi na ukweli katika hadithi ya upelelezi

Wakuu, naandika hadithi ya upelelezi. Mwanamke anatuhumiwa uchawi, kisha aliyemtuhumu anakutwa amekufa, mlango umefungwa kwa ndani. Kinachonivuta ni yaliyotokea Salem, Marekani, mwaka 1692: mahakama ilipokea ushahidi wa mizuka ambayo walalamikaji peke yao ndio waliodai kuiona, na watu 19 wakanyongwa. Mambo ya kufikirika yaliua watu kweli! Sasa nimekwama mwishoni. Mpelelezi afichue sumu na ugomvi wa mirathi, au nibakize jambo moja lisiloelezeka? Nikieleza yote, hofu ya wachawi inayeyuka. Nikiacha wazi, msomaji atahisi amedhulumiwa. Mnaoandika, dalili za kweli mnazificha wapi mapema?