Majirani wa Mwembeni: lile eneo la wazi

Mama Neema: Mwangaluka majirani. Nimetoka kuanika dagaa sasa hivi. Kuna bikoni za mipaka zimepandwa pale uwanjani, saruji bado mbichi. Moja iko katikati kabisa ya goli la watoto. Nani ana habari?

Baba Kulwa: Mwangaluka mama. Niliwakuta jana jioni na mashine ya kupimia. Wanasema nyumba za kupangisha, ghorofa nne. Nikaomba kuona kibali, wakaniambia kipo ofisini.

Rehema: Ofisi gani?

Baba Kulwa: Hawakutaja.

Mzee Masanja: Wanangu, pale ni eneo la wazi. Tulipopimiwa viwanja huku tulioneshwa mchoro, na pale palitengwa. Kubadilisha matumizi lazima kupitie halmashauri, si maneno ya barabarani. Hata mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka ya kumpa mtu.

Juma: Shikamooni wazee. Nisemee sisi wapangaji. Kodi inatuumiza, chumba kimoja kinameza nusu ya ninachopata. Nyumba zikiongezeka si afadhali?

Mzee Masanja: Marahaba. Umesema kweli, na nyumba tunazihitaji. Ila tazama tulivyokaa. Mlima wote huu juu yetu ni mawe matupu, mvua ikinyesha maji yanashuka mbio. Yakifika uwanjani yanatulia, yanazama kwenye nyasi na mizizi ya miembe, yanayobaki ndiyo yanaingia ziwani. Pakimwagwa zege yatapita sebuleni kwetu. Mnaona wenyewe mto Mirongo unavyofurikia watu kule mjini Mwanza.

Rehema: Na 2020 je? Ziwa lilipopanda maji yalifika mwembe wa pili. Hizo ghorofa zitasimama wapi?

Mwalimu Doto: Hapo sasa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Nimeshuka na futi kamba asubuhi hii. Toka majini hadi bikoni ya chini ni mita 41.

Juma: Hiyo sikuijua mwalimu. Basi bikoni zote nazipiga picha leo, na hiyo futi ikionekana.

Baba Kulwa: Picha za nini? Usiku tunazing'oa, kwisha habari.

Mzee Masanja: Hapana Kulwa wangu, hapana. Ukigusa bikoni kosa linakuwa lako, wao wanabaki wasafi. Msituharibie kesi.

Baba Kulwa: Nimekuelewa mzee. Uchungu tu. Wanangu wote wamejifunzia mpira pale.

Mwalimu Doto: Naandika barua kwa mtendaji, nakala kwa diwani, mipango miji na NEMC, wale wanaosimamia mazingira kitaifa. Tunaomba kuoneshwa mchoro ulioidhinishwa na cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira. Pia tunaomba mkutano wa mtaa uitishwe kabla tofali halijashushwa, na muhtasari uandikwe.

Mama Neema: Na mseme wanawake tunaanika pale. Wasije wakasema ni pori halina mtu.

Mwalimu Doto: Nimeshaiweka aya ya kwanza mama.

Rehema: Sahihi tunaweka wapi?

Mama Neema: Daftari liko dukani kwangu mpaka saa mbili usiku. Jina kamili, sahihi, namba ya nyumba. Wapangaji pia mje, Juma waambie wenzako.

Juma: Nakuja nao.