Ushauri: Kinkaku-ji, Himeji na Fushimi Inari kwa siku mbili, nikiwa na mama

Mgeni_Njiani:
Wakuu, tunafikia Kyoto, Japani. Siku ya kwanza asubuhi Kinkaku-ji, lile hekalu la Kibuddha la dhahabu, mchana ngome ya Himeji. Siku ya pili Fushimi Inari, hekalu la Kishinto la mlimani. Mama ana miaka 67, kutembea anatembea ila ngazi zinamtesa. Mpango unakaa? Na adabu za kule zikoje, tusije tukaaibika?

KobeMwendo:
Siku ya kwanza haikai. Kinkaku-ji hufunguliwa saa 3 asubuhi, nako ni mbali na stesheni. Himeji mwisho wa kuingia ni saa 10 jioni. Basi moja likikwama mtaishia kupiga picha ukuta. Ipeni Himeji siku nzima. Shinkansen, treni ya mwendokasi, kutoka Kyoto huchukua chini ya saa moja. Shinkaisoku, treni ya kawaida inayoruka vituo vingi, ni kama saa moja na nusu kwa karibu nusu ya nauli. Ukishuka, ngome unaiona mbele yako, dakika 20 kwa mguu, tambarare.

Tatizo ni ndani. Mnara mkuu uliokamilika 1609 ukiwa nje unahesabu ghorofa tano, kumbe ni sita na chumba cha chini. Ngazi za mbao zimesimama kama za kupandia darini, na lifti hakuna. Viatu mnavua na kuvibeba kwenye mfuko, hivyo unabaki na mkono mmoja wa kujishikilia, soksi nazo zinateleza. Kushuka ndiko kubaya zaidi. Mama apumzike uwanja wa Sannomaru, hauna kiingilio na mnara unaonekana wote.

Tanuri:
Au mpelekeni ngome ya Osaka, ina lifti.

KobeMwendo:
Ina lifti kwa sababu ni zege la 1931. Ni makumbusho iliyovaa nguo za ngome. Kwa magoti ya mama, sawa.

Tanuri:
Fushimi Inari haifungwi na haina kiingilio, nendeni saa 12 asubuhi kabla ya msongamano. Reli ya JR Nara, kituo cha pili kutoka Kyoto, Inari. Msipande treni ya haraka, inapita bila kusimama. Mama aishie kwenye malango mekundu yaliyobanana, pale chini. Kuzunguka mlima wote ni saa mbili hadi tatu, na sehemu kubwa ni ngazi.

Adabu: jinja ni hekalu la Kishinto, tera ni hekalu la Kibuddha. Kwenye jinja inama mara mbili, piga makofi mawili, inama tena. Kwenye tera unganisha viganja kimya; makofi pale ndiyo kosa la wageni wengi. Kwenye birika la maji ya kujitakasa kabla ya kusali, shika kata kwa mkono wa kulia uoshe wa kushoto, badilisha uoshe wa kulia, kisha mimina maji kwenye kiganja cha kushoto usukutue. Mdomo usiguse kata. Mwisho isimamishe wima, maji yaliyobaki yaoshe mpini.

Mgeni_Njiani:
Asanteni. Ile mihuri ya wino ambayo mahekalu huwagongea wageni kama kumbukumbu, ninaweza kugongewa kwenye daftari langu?

KobeMwendo:
Hapana, watakukatalia. Nunua goshuincho, kitabu chake maalumu, hapo hapo hekaluni. Muhuri mmoja mara nyingi ni yen 300 hadi 500, taslimu, na uwe na chenji. Sali kwanza, muhuri baadaye, ila usingoje jioni: dirisha la mihuri nalo hufungwa mapema.