Kaniita SHABA mbele ya ukumbi mzima. Huyu bwana sasa kavuka mpaka

Fundi Mageti:
Wakuu, nimetoka ukumbini sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Simtaji jina, mnamjua. Yule yule wa skafu hata jua likiwa la utosini, ambaye hawezi kuagiza chai bila kusema "Wagiriki wa kale walisema".

Leo mada ilikuwa uongozi kwa mujibu wa Plato, mwanafalsafa wa Athens ya kale huko Ugiriki. Tukaambiwa anayeuliza ajitambulishe. Nikasimama, nikasema mimi ni fundi wa kuchomelea, natengeneza mageti na madirisha. Swali langu lilikuwa moja: kama kwa Plato wanaotawala ni wanafalsafa peke yao, wakikosea nani atawaambia?

Jibu lake, nalinukuu: "Ndugu fundi, kwa Plato wewe ni shaba. Shaba haiulizi dhahabu maswali."

SHABA HAIULIZI DHAHABU MASWALI!

Ukumbi ulicheka mpaka feni za dari zikaongeza mwendo. Mama mmoja safu ya mbele kacheka mpaka kiatu kikamtoka. Mlinzi wa getini kacheka na hata swali hakulisikia. Mimi kipaza sauti nikanyang'anywa kama mtoto aliyeokota wembe.

Sasa hiyo Jamhuri, andiko la Plato lenyewe, mimi nimeisoma, vitabu vyote 10, ndivyo sehemu zake zinavyoitwa. Habari ya madini iko kitabu cha 3: mungu alipowaumba watu alitia dhahabu kwa wanaofaa kutawala, fedha kwa wasaidizi wao wa vita, chuma na shaba kwa wakulima na mafundi. Haya. Mbona aliishia hapo? Endelea kusoma, bwana mkubwa! Inasema mzazi wa dhahabu anaweza kuzaa mtoto wa shaba, na mtoto huyo ashushwe kwa wakulima na mafundi bila kuonewa huruma. Na kwa mafundi akizaliwa mwenye dhahabu ndani yake, apandishwe. Kubwa zaidi, Socrates, mwalimu wa Plato anayeisimulia hadithi hiyo humo, anasema wazi kwamba ni uongo, tena anasitasita kuitamka mpaka Glaucon anayezungumza naye anamwambia si ajabu ulikuwa unaona haya. Yaani nimetukanwa hadharani kwa kitu ambacho msimuliaji mwenyewe anakionea haya!

Na kama yeye ndiye dhahabu, afuate masharti ya dhahabu. Mwisho wa kitabu hicho hicho cha 3, watawala hawana mali binafsi zaidi ya mahitaji ya lazima, hawana nyumba wala ghala ambalo mwingine haruhusiwi kuingia, wanakula pamoja kama askari kambini, na dhahabu na fedha ni marufuku hata kuzigusa. Magari ya yule bwana mnayajua. Lile geti lake lenye simba wawili limechomelewa na nani, na dhahabu?

Kitabu cha 7 ndiyo usiseme. Mtu asome hisabati toka miaka 20 hadi 30, kisha miaka 5 ya hoja na midahalo, kisha miaka 15 atumikie vyeo vya chini akijaribiwa, ndipo akifika 50 aanze kufikiriwa. Huyu wetu ana skafu.

Shaba haiulizi. Mbele ya wanafunzi wa sekondari!

Zee la Baraza:
Pole sana mkuu. Mimi aliniambia bado nimefungwa pangoni natazama vivuli ukutani, kama wale wajinga kwenye mfano wa Plato. Ilikuwa harusini, wakwe zangu wamekaa meza ya jirani.

Kiberiti Kimoja:
Mtoa mada punguza munkari. Kitabu cha 4 kinasema haki ni kila mtu kufanya kazi yake bila kuingilia ya mwenzake, na fundi akijipenyeza kwenye kazi ya wapiganaji au ya watawala, huo ndio uharibifu mkubwa kuliko wote kwa mji. Na hao wa kupandishwa daraja wanatambuliwa wakiwa watoto. Wewe una ndevu.

Fundi Mageti:
Kiberiti, ndevu zangu ziache. Mimi nimeuliza SWALI, sikuomba cheo. Athens yenyewe aliyozaliwa Plato, raia fundi alikuwa anapanda kilima cha Pnyx na kusema mbele ya mkutano wa wananchi. Plato mwenyewe kaandika, kwenye mazungumzo ya Protagoras: yakija mambo ya kuendesha mji, anasimama seremala, mhunzi, mshona viatu, mfanyabiashara, mwenye meli, tajiri na maskini, na hakuna anayemkemea kwamba hakusomea. MHUNZI, wakuu! Mhunzi ndiye mimi kabla ya umeme. Na baba yake Socrates alikuwa mchonga mawe. Angeingia ukumbini leo angeambiwa shaba haiulizi!

Kiberiti Kimoja:
Na ni hao hao wa Athens waliopiga kura 399 KK wakamhukumu Socrates kifo. Plato alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Mwalimu wako auawe kwa kura halali, halafu uje uipende demokrasia? Nenda kitabu cha 8 uone alivyoichora: mpaka punda na farasi wanatembea barabarani kwa uhuru wao na kumpiga kikumbo asiyewapisha.

Dagaa Mchele:
Hao si punda wa Athens, hao ni bodaboda wa mtaani kwetu 😂

Bi Mkubwa wa Pwani:
Mnalilia shaba humu kama msiba. Mwanamke wa Athens hakuwa na ruhusa ya kutamka neno kwenye huo mkutano wenu wa kilimani. Mtumwa pia, na mgeni hata akae pale mpaka azeeke. Plato ndiye aliyesema, kitabu cha 5, kwamba mwanamke mwenye kipaji apewe elimu ile ile ya mwanamume na atawale. Nimehudhuria sana makongamano ya yule bwana. Akikaribia kitabu cha 5 anakunywa maji na kuruka.

Dagaa Mchele:
Bi Mkubwa, kitabu cha 5 ndicho chenye habari ya wake na watoto kuwa wa wote, mzazi asimjue mwanawe. Lazima anywe maji.

Bi Mkubwa wa Pwani:
Soma vizuri. Hayo ni ya tabaka la walinzi, yaani watawala na wapiganaji. Fundi na shaba yake anabaki na mkewe.

Malenga Asiyelala:
Nami nina kesi na mtu huyo huyo. Kitabu cha 10 Plato anawafukuza washairi mjini, wanaobaki ni wa nyimbo za miungu na sifa za watu wema. Basi nimesimama na utenzi wangu kwenye hafla, vina vimekaa, mizani imetimia, yule bwana kanikata katikati: "Plato alikwisha tuonya kuhusu hawa." Dakika hiyo hiyo kaitwa mwimbaji wa kumsifu yeye!

Fundi Mageti:
Malenga usihamishe uzi. Wewe ulikatwa ubeti, mimi niliambiwa SHABA HAIULIZI.

Mjukuu wa Karani:
Fundi, jibu la swali lako liko kwa Aristotle, mwanafunzi wa Plato. Kwenye andiko lake liitwalo Siasa, kitabu cha 3: watu wengi wakikaa pamoja wanaweza kuamua vizuri kuliko wachache walio bora, kama karamu ya kuchangiana inavyoishinda ya mfuko wa mtu mmoja. Na ubora wa nyumba haupimwi na mjenzi peke yake, anayeishi ndani anaijua zaidi. Beba hiyo siku nyingine.

Kiberiti Kimoja:
Mjukuu umemficha kitu. Kitabu hicho hicho cha 3 Aristotle anasema mji ulio bora hautamfanya fundi wa mikono kuwa raia. Plato angalau alimwachia uraia.

Dagaa Mchele:
Na ndiye aliyesema wapo watu ambao ni watumwa kwa maumbile. Mnamtoa fundi kwenye moto mnamtia jikoni.

Zee la Baraza:
Hilo la watawala kutokuwa na mali limenikumbusha Azimio la Arusha, 1967. Kiongozi hana hisa, hana mishahara miwili, hana nyumba ya kupangisha. 1991 Zanzibar wakalegeza. Yangekuwepo leo yule bwana angebaki na skafu.

Kiberiti Kimoja:
Zee usichanganye. Azimio lilimwachia kiongozi nyumba yake ya kuishi na familia yake. Plato hakuacha hata hiyo.

Dagaa Mchele:
Hivi ni kweli Plato aliwahi kuuzwa utumwani?

Mjukuu wa Karani:
Inasimuliwa. Alikwenda Syracuse, Sicily, mara 3. Safari ya kwanza alimuudhi mtawala Dionysius wa Kwanza kwa maneno, akaishia kuuzwa kisiwani Aegina. Akamnunua Anniceris wa Cyrene kwa mina 20, wengine wanasema 30, akamwachia huru.

Fundi Mageti:
Mmeona! Plato mwenyewe alimsema mtawala usoni! Sasa shaba ni nani hapo?

Bi Mkubwa wa Pwani:
Mina 20 ni shilingi ngapi?

Kiberiti Kimoja:
Mina moja ni drakma 100. Fundi wa Athens miaka ile alipata kama drakma moja kwa siku. Piga hesabu.

Dagaa Mchele:
Siku 2,000 za fundi kwa mwanafalsafa mmoja? Kalipa ghali.

Malenga Asiyelala:
Mwenye nakala ya Jamhuri anisaidie nikisome hicho kitabu cha 10 kwa macho yangu.

Zee la Baraza:
Ninayo, ila shemeji kaiazima.

Dagaa Mchele:
Zee, kama ni ile iliyoliwa na panya kwenye kitabu cha 8, ni yangu. Nilikuazima wewe, sikumwazima shemeji yako. Irudi.