Naomba ushauri: mwanzo wa filamu ya kutisha, muuaji nimfiche au nimuonyeshe?

Wakuu habari, naandaa filamu fupi ya kutisha nimekwama dakika za mwanzo. Kwenye Jaws ya 1975 binti anaogelea usiku, papa haonekani kabisa, unaona tu anavyovutwa chini na ule muziki, moyo unaenda mbio. Halloween ya 1978 ndo kabisaaa, kamera inakuwa macho ya muuaji, anachukua kisu, anapanda ngazi, kuja kuvuliwa kinyago kumbe katoto ka miaka 6! Mi naipenda zaidi hii ila naogopa muuaji akijulikana mapema hofu inaisha. Ya kwangu dada yuko home peke yake, umeme umekatika, na najua kila mtu atasubiri mlango ugongwe. Niwape wanachotegemea au niwacheleweshe kwanza? Na muziki niweke au kimya tu? Waliowahi kushuti nisaidieni jamani