Stelingi ya gari la zamani ilikutenda nini? Tupeane uzoefu

Mwana wa Tudor: Assalaam alaykum. Jana juu ya Daraja la Nyali upepo wa kusi ulinipiga ubavuni, na Land Rover ya marehemu baba, Series III, ikawa yatangatanga kama dau lililovunjika shikio. Nazungusha usukani, nazungusha, ndipo magurudumu yasikie. Kuiuza siwezi, na wanangu ndiyo wanayopanda kwenda chuoni. Mlioshika magari haya, yaliwakuta yepi?

Fundi Makupa: Piga jeki mbele magurudumu yaning'inie, yanyooshe. Boksi ya stelingi, ile yenye gia chini ya usukani, ina skrubu na loknati, nati ya kuifunga skrubu. Legeza nati, ingiza skrubu kidogo kidogo mpaka mchezo (ule ulegevu wa usukani) uishe, ishike isizunguke, kaza nati. Nusu saa.

Mama Swafiya: Kazi ya nusu saa ndiyo nusura inizike. Ilikuwa Land Rover kama yako mwanangu, twabebea madafu kutoka Msambweni. Stelingi yacheza, fundi mmoja akaifungua asubuhi, adhuhuri nikaichukua. Njia nzima hadi Likoni gari limetulia, hata nikamwombea dua. Nikaanza kuteremka feri, ile saa watu wa miguu wamejaa pande zote na mikokoteni mbele. Nikakata kulia kidogo. Usukani ukazunguka mtupu. Nikazungusha tena, mwepesi kama kawa juu ya meza, na gari laenda kushoto kwa watu. Nilikanyaga breki kwa miguu miwili, mkono kwenye honi, natamka shahada kwa sauti. Tulisimama bampa imegusa gunia la makaa la mama mmoja aliyekaa chini. Gunia, si yeye. Kijana mmoja alipoingia chini akakuta draglinki, kile chuma kirefu kinachovuta magurudumu, yaning'inia: nati ya tairodi, kiungo cha mwisho wake, imejifungua kwa mtikisiko, kwani spliti pini, ile ya kuzuia nati isifunguke, haikurudishwa. Pini ya shilingi chache! Skrubu baadaye. Lala chini ya gari kwanza.

Abu Nassir: Pini. Wallahi ni kweli.

Fundi Makupa: Pole sana mama. Lakini hilo si kosa la skrubu.

Kijana wa Bombolulu: Skrubu nayo ina yake. Boksi huliwa zaidi katikati, maana ndiko usukani ushindako. Ukikaza mpaka mchezo wa katikati uishe wote, kwenye kona hubana na usukani haurudi wenyewe. Ilinibana hivyo Buxton, matatu nyuma yangu. Acha mchezo kidogo. Na boksi jaza grisi, oili huvuja.

Fundi Makupa: Grisi usitie! Boksi ile yataka oili ya gia, EP90. Grisi husukumwa kando, na vyuma vyabaki vyasagana vikavu. Badilisha sili, ule mpira unaozuia oili isivuje.

Kijana wa Bombolulu: Yangu ina grisi laini mwaka wa nne.

Fundi Makupa: Ifungue uitazame.

Msafiri wa Mtwapa: Mnagombania boksi, mbona relei hamjaitaja? Kile chuma kilichosimama ndani ya chesisi mbele, kinachopitisha mzunguko wa boksi hadi magurudumu. Ndani mna springi nene imebanwa kati ya bushi mbili. Ndugu yangu aliigonga itoke bila kuifunga. Springi ilimpita shavuni, ikatoboa bati la banda, tukaiokota uwanjani. Alishonwa nyuzi sita. Ingekuwa jicho, basi tena.

Abu Nassir: Subhanallah.

Mama Swafiya: Alipona vizuri?

Msafiri wa Mtwapa: Alipona, kovu lipo. Siku hizi twaivika gunia tukiitoa, na tukiirudisha bushi twazibana kwa klipu za mpira wa maji. Hewa hii ya chumvi huigandisha kwenye chesisi, msiipige kwa hasira.

Shabiki wa 504: Tafuta Peugeot 504 upumzike. Yatumia reki, ufito wenye meno unaosukuma magurudumu, haina boksi wala relei. Gari hilo lilishinda Safari Rally 1975 likiendeshwa na Ove Andersson.

Kijana wa Bombolulu: Reki nayo huliwa. Mwana wa Tudor, pima upepo wa tairi kwanza.

Abu Nassir: Mimi nasema tairodi zote mpya, kisha alaimenti, kunyoosha magurudumu.

Mwana wa Tudor: Ahsanteni nyote. Nimetoka chini ya gari sasa hivi na tochi. Upande wa kushoto pini haipo. Kesho watoto waenda kwa tuktuk.